Mjane na Mbegu za Nyasi Mwitu

Mwaka wa njaa, Mzee Chibago, tajiri wa mtama, alimkuta mjane Mbeleje akichuma mbegu za nyasi mwitu awapikie wanawe uji.

"Mbuga hii ni yangu, mama. Toka!"

"Basi tugawane, baba. Zitakazokuwa kwenye masuke ziwe zako, zitakazoanguka chini ziwe zangu."

Chibago akacheka moyoni. Mjinga huyu!

"Haya. Utaokota vumbi."

"Mungu ndiye mpaji. Ila usivune mbichi, ngoja zikauke vizuri kama mtama wako."

Siku chache baadaye Chibago alifika na magunia. Masuke yalikuwa matupu, na Mbeleje alikuwa akifagia chini.

"Mbegu zangu ziko wapi?"

"Mtama ukikauka humngoja mvunaji, baba. Nyasi mwitu hudondosha mbegu zake. Lakini masuke yako yote yapo, sijagusa hata moja."