Jiwe Moja la Jengo la Sayansi

Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo, kisa cha watu watatu wa Kirimeni, huko Kilimanjaro. Bibi Ndelilio Mamuya alikuwa na kihamba, shamba la urithi, chenye chemchemi isiyokauka. Fundi Elinami Kisanga aliligonga tofali mara moja akajua kama litabeba ghorofa. Mwalimu Felisiani Mtui aliitambua kemikali kwa harufu, hata chupa ikiwa haina kibandiko.

Chuo kikuu kilipotafuta mahali pa kujenga jengo la sayansi, maji yalikuwa kwa Bibi Ndelilio peke yake. Akatoa kihamba chote, pamoja na kaburi la mumewe, akaenda kuishi kwa mkwewe.

Ujenzi ukaanza. Ukuta ulipotaka kuwaangukia vibarua, Fundi Elinami aliukinga kwa gogo mpaka wote wakatoka. Ukuta ukasimama, yeye akapoteza mguu.

Miaka ikapita, moto ukashika maabara. Mwalimu Felisiani akaingia, akaitoa mitungi ya gesi kabla haijalipuka. Jengo likapona. Macho yake hayakupona.

Sasa baraza la chuo likataka jina la mtu mmoja lichongwe kwenye jiwe la mlangoni. Lisipopatikana kabla ya jua kuzama, jengo litaitwa kwa jina la mfadhili aliyeleta rangi ya kupaka kuta, ambaye hajawahi kukanyaga Kirimeni. Uamuzi baraza likamwachia Bwana Barikieli Uronu, karani mstaafu, jirani wa wote watatu.

"Tuandike yote matatu," Barikieli akajaribu.

"Baraza limesema moja, Mzee," akajibu mchonga mawe, tindo mkononi.

"Na la juu lingekuwa la nani?" akauliza Elinami.

"Langu! Bila mimi ungejenga wapi, hewani?" akasema Bibi Ndelilio.

"Na chemchemi yako, shemeji, ingebeba ghorofa?" akajibu Elinami.

"Bishaneni tu," akasema Felisiani. "Bila mimi mngekuwa mnagombea majivu."

Wakacheka.

"Baba Uronu," Bibi Ndelilio akasema polepole, "wajukuu zangu wakipita getini huulizwa wanatafuta nini." Akamwekea mkononi jani la isale lililofungwa fundo.

Mchaga akiombwa kwa isale hakatai. Akikataa, amejitenga na watu wake. Kabla hajatamka neno, Elinami akachomoa isale lake kwenye koti. Felisiani, asiyeyaona hayo, alikwisha kunyoosha la kwake hewani.

"Barikieli, uko wapi? Pokea."

Akapokea. Angefanyaje? Akimtaja mmoja, amewakataa wawili. Akinyamaza, amewakataa wote, na jiwe ni la mwenye rangi. Jua lilikuwa limeshafika kwenye migomba.

"Niandike nani, Mzee?" akauliza mchonga mawe.

Barikieli akayapanga majani matatu juu ya jiwe, moja kando ya jingine.

Enyi mliosikia, kumhurumia hakumsaidii. Kama tindo ingengoja neno lako wewe, ungetaja jina la nani?