Ulimi wa Mbaruku

Mtu mmoja alikuwa na ulimi mwaminifu. Aliitwa Mbaruku, fundi cherehani katika mtaa mmoja wa mji wa pwani, mtaa wenye vitu vitamu kila kona: halwa, kaimati, visheti, kashata za nazi. Riziki yake ilitoka kwenye sindano, lakini heshima yake ilitoka mdomoni. Mgeni akitaka kujua halwa ya kupeleka kwenye posa inunuliwe wapi, aliletwa kwanza kwa Mbaruku. Naye alionja kidogo, akafumba macho, kisha akasema neno moja au mawili: huyu sukari yake imeungua, yule iliki yake imechuja. Hakupokea kitu kwa mtu yeyote, wala hakumpendelea jamaa yake. Kwa hiyo watu walimwamini, na walikuwa na haki ya kumwamini.

Masika ya mwaka mmoja alishikwa na homa kali. Alilala muda mrefu, na alipoinuka kila kiungo kilikuwa kimepata nguvu isipokuwa ulimi. Alikunywa chai, ikawa maji ya moto. Alitafuna kashata, ikawa mchanga. Akangoja, siku zikapita, ladha haikurudi. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Aliogopa kwamba bila ulimi ule atabaki kuwa mshona suruali kama washonaji wengine. Watu walipomwuliza, aliwajibu kwa kumbukumbu: aliyekuwa mzuri zamani alisema ni mzuri bado, na aliyekuwa mbaya akabaki mbaya. Mambo yakaenda hivyo, maana hakuna aliyemchunguza.

Kisha akahamia mtaani mwanamke aitwaye Mwanamvua, aliyeachwa na mumewe, akiwa na mama yake mgonjwa. Alipanga chumba, akaweka meza mlangoni, akawa anauza mkate wa sinia, ule wa unga wa mchele na tui la nazi, unaookwa kwa makaa juu na chini. Walioula waliurudia. Wengine walilamba vidole wakiwa bado wamesimama pale mezani. Lakini waliambiana kwamba Mbaruku hajasema neno. Mwanamvua aliposikia hayo alituma mtu amwite, kwa kuwa aliijua kazi ya mikono yake na hakuwa na wasiwasi.

Mbaruku akaja, na watu wakakusanyika. Akakatiwa kipande cha katikati, akatafuna taratibu, akafumba macho kama ilivyokuwa ada yake. Kinywani alikuta kitu laini kama pamba iliyolowa, basi. Kwa mkate huu hakuwa na kumbukumbu ya kumsaidia. Angeweza kukiri kwamba amepoteza ladha. Angeweza hata kunyamaza akaenda zake. Lakini watu walikuwa wanangoja, naye akasema kile alichokikuta kinywani.

"Hauna ladha."

Mwanamvua alimtazama, akautazama mkate, akakata kipande akaonja mwenyewe mbele yao. Jioni ile mkate ukabaki. Waliolamba vidole jana yake walisema kwamba hata wao walikuwa wameona una upungufu, ila walimwonea haya mgeni. Haukupita muda Mwanamvua akaondoa meza, akamchukua mama yake, akahamia nje ya mji kulikokuwa na ghala la kubangulia korosho. Huko akapata kibarua.

Siku ya Idi, Mbaruku na majirani walialikwa nyumbani kwa Bi Mgeni, mke wa muuza mkaa. Bi Mgeni alikuwa amepika tambi, na katika pilikapilika za asubuhi alishika kopo la chumvi akidhani ni la sukari. Mbaruku akapakuliwa wa kwanza, kwa heshima yake. Akala, akasema utamu umekolea. Jirani aliyekaa karibu naye alipotia kijiko mdomoni machozi yalimlenga. Akameza, akasema ni kweli. Mwingine akasema hajala tambi kama hizo tangu Idi ya mwaka juzi. Sahani zikaendelea kupita, na kila mmoja alimtazama Mbaruku kabla ya kusifu. Mwishowe Bi Mgeni akaketi, akala kijiko kimoja, akashindwa kukimeza. Akawaambia kwa sauti ya chini kwamba ametia chumvi, akawauliza walikuwa wakisifu nini.

Mbaruku akaweka sahani chini. Katika wote waliokuwamo chumbani, ni yeye peke yake ambaye kweli hakujua. Akasema pale pale mbele yao kwamba tangu homa ile haonji kitu, na kwamba mkate wa Mwanamvua aliutafuna tu, hakuuonja.

Kesho yake alikwenda ghalani. Mwanamvua alikuwa ameketi kati ya wanawake wenzake, vidole vimebabuka kwa utomvu wa maganda ya korosho. Mbaruku akachutama mbele yake, akamweleza yote bila kujitetea, akamwomba radhi, akamsihi arudi mtaani, yeye mwenyewe atapita nyumba kwa nyumba kumtangaza. Mwanamvua alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kazi.

"Mzee Mbaruku, nimekusamehe," akasema. "Ulimi wako ulichukuliwa na homa. Na wale wenzako, ndimi zao zilichukuliwa na nini?"

Hakurudi. Wanawake wa ghalani walikuwa wamekwisha kuula mkate aliowaokea na kuupenda, na hawakuwa wamemwuliza mtu.

Mbaruku akarudi mtaani na swali lile, akawauliza majirani kama alivyoulizwa, neno kwa neno. Waliinamisha vichwa. Walisema ni swali zito, na kwamba mwanamke yule amedhulumiwa. Kisha wakamwomba Mbaruku, maadamu yeye haonji tena, awaonyeshe mtu mwingine mwenye ulimi wa kuaminika, ili wamfuate huyo.

Nanyi mnaonisikiliza: mara ya mwisho mliposema kitu ni kitamu, nani alikuwa amekionja?