Jina Moja la Mtoto wa Zaituni

Sogezeni mikeka, na wewe unayetafuna mhogo tafuna kimyakimya. Nina kesi hapa, na mahakimu ni ninyi.

Hospitali ya wilaya yetu ina wanawake watatu. Sista Perpetua, mkunga, mnene kidogo (msimwambie nimesema), ana mkono usiochoka. Daktari Nasra, mwembamba kama ufagio, ana mkono usiotetemeka. Na Sikudhani, muuguzi wa vichanga, hajui kukata tamaa. Hata mchumba wake alimkimbia, akamfuata, akamrudisha. Hayo tuyaache.

Zaituni, mke wa Mbaruku, alikwenda huko kujifungua mimba yake ya kwanza. Uchungu ulipomkolea, akapiga ukelele wodi nzima ikasikia: "Wallahi, atakayenipa mwanangu mzima, mtoto nampa jina lake! Jina lake peke yake, silichanganyi na lingine!"

Nadhiri hiyo. Imetoka, hairudi.

Mara chupa ikapasuka, na badala ya kichwa ikatangulia kamba ya kitovu. Kichwa kikiibana kamba hiyo, mtoto hapati hewa. Sista Perpetua hakuuliza mtu. Aliingiza mkono, akakiinua kichwa, akakishikilia hivyo hivyo. Akapanda na Zaituni kitandani, wakasukumwa wote wawili kwenda chumba cha upasuaji, adhuhuri kweupe, ndugu wameshika midomo.

"Sista, mkono wako!"

"Mkono wangu niachieni mwenyewe. Sukumeni!"

Angeutoa, mtoto alikuwa amekwisha.

Daktari Nasra naye alikuwa ameshafika getini, anakwenda kwenye harusi ya mdogo wake, hina haijakauka. Akarudi, akaiosha. Kwenye picha za harusi hayumo, na mama yake hajamsamehe mpaka leo. Akapasua, akamtoa mtoto. Lakini damu ya Zaituni ikagoma kusimama.

"Tutoe kizazi, daktari?" msaidizi akauliza.

"Ndiyo kwanza anaanza kuzaa huyu. Nipe uzi." Akashona, akashona, damu ikasimama.

Na mtoto? Wa kike, katepeta, hana sauti. Sikudhani akamchukua, akamkausha, akamfunika kibarakoa puani na mdomoni, akawa anaminya mfuko wa hewa na huku anamsemesha: "Njoo, mama, njoo. Huku kuna uji, kuna vitenge, kuna umbea. Njoo." Wenzake wakaanza kutazamana. Yeye hakumtazama mtu, aliminya tu. Mtoto akapiga chafya, kisha akalia, nasi tuliokaa nje tukamsikia.

Ikafika siku ya akika. Bi Mwantumu, mama yake Mbaruku, kajifunga kanga mpya. "Mjukuu wa kwanza ni wajina wangu. Ukoo wetu ndivyo ulivyo."

"Mama, nimeapa."

"Umeapa! Perpetua binti Mbaruku? Madrasa watamwitaje?"

"Likiangukia Perpetua, watamwita Perpetua," Zaituni akajibu, machozi yanamlenga. "Au mlitaka tumsomee hitima?"

Mbaruku, maskini, akajitia busara: "Si tuyaunganishe yote?"

"Nilisema moja!" akafoka mkewe.

"Mtoto huyo au bango la uchaguzi?" akadakia mama mkwe. Hapo tu ndipo walipopatana.

Wale watatu walikuwepo, wamekaa mkeka mmoja. Wakaulizwa ni nani kati yao aliyempa Zaituni mtoto mzima.

"Mimi nilimshikilia tu," akasema Sista Perpetua. "Kushikilia si kutoa."

"Nami nilimtoa, lakini hakuwa na pumzi," akasema Daktari Nasra.

"Mimi nimepokea aliyekwisha tolewa," akasema Sikudhani. "Mngeniletea maiti, ningeminya nini?"

Zaituni ndipo alipolia sawasawa. "Angalau mmoja wenu angejisifu, ningejua pa kushika!"

Shehe akakohoa. "Binti, jina."

Pilau inapoa. Msinitazame mimi, nilikwenda kula tu. Haya, mtoto mpakateni ninyi, na kiapo kiwe chenu: mngemjibu shehe jina la nani?