Saumu Isiyo na Nia

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mawe wa visiwa vya kaskazini aliishi mwanamke mchamungu aitwaye Mwana Somoe binti Shali. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Kwa miaka ishirini na miwili, kila mwanamke aliyefariki katika mji ule, awe binti wa kadhi au mjakazi, alipita mikononi mwake: maji yenye majani ya mkunazi, upande wa kulia kabla ya kushoto, kafuri katika maji ya mwisho. Alifanya hivyo kwa ajili ya Mola wake, na hakupokea hata kipande cha nguo.

Nanyi mnalijua, ndugu zangu, sharti la mwosha. Alichokiona juu ya ubao hakisemi. Awe ameona kovu au alama ya kipigo, anaondoka nacho mpaka naye atakapooshwa. Mwana Somoe alilishika sharti hilo barabara, hata likawa ndiyo tabia yake. Alizoea kusitiri ya wenzake mpaka akawa hajui tena namna ya kuyasema yake.

Ukaja mwaka wa homa. Katika mwezi mmoja aliosha wanawake wengi hata ngozi ya vidole ikambabuka. Mwisho wa mwezi ule akaletewa habari kwamba binti yake wa pekee, Zaituni, amefariki katika uzazi, yeye na kichanga chake. Wanawake walimsihi akae kando asimguse. Akawauliza ni nani mwingine aijuaye kazi hii. Wakainamisha vichwa, kwa kuwa katika miaka yote ile hakuna aliyetaka kujifunza. Basi akamwosha mwanawe kwa mikono yake, na mjukuu wake pia.

Matangani hakutoa chozi. Watu wakasema hawajapata kuona subira kama ile, wakarudi makwao wamefarijika, na yeye akafunga mlango.

Tangu siku ile chakula kilikataa kumpita kooni. Aliketi kwenye mkeka ameuelekea ukuta, midomo ikitikisika, macho yakimlengalenga kwa saa nyingi bila sauti. Akiitwa kwenye maiti alikwenda, akaosha, akarudi kwenye mkeka wake. Hakumjibu mtu ila kwa kichwa. Mwili ukapukutika mpaka buibui likampwaya.

Na watu wa mji ule, Mungu atusamehe sisi na wao, wakaona nini? Wakaona walii. Hali chakula, basi amefunga. Midomo yatikisika, basi yumo katika dhikri. Machozi yale ni khofu ya Mola, na kule kukonda ni zuhudi. Imamu wa msikiti wa mtaa ule, Sheikh Muhadhari, mtu mwema na mwenye elimu, akawaambia watu baada ya swala ya Ijumaa kwamba mwanamke yule yumo katika khalwa, amejitenga kwa ibada, na asisumbuliwe. Wakamtii. Watoto wakakatazwa kucheza karibu na nyumba yake. Wapitao wakapita kwa kunyata. Majirani walimwekea sahani kizingitini, na jioni waliikuta kama walivyoiweka, wakagawana vile viporo ili wapate baraka. Nami nakwambieni, mji mzima ulikula chakula cha mgonjwa, na ukamshukuru Mungu kwa utamu wake.

Ama yeye, haya ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake. Kila alfajiri, baada ya kutoa salamu, alimwomba Mwenyezi Mungu amfishe kabla ya adhuhuri. Midomo yake haikuwa na dhikri. Alikuwa akihesabu makata ya maji aliyommwagia Zaituni, na kila mara hesabu ikimpotea pale alipofika begani, akaanza upya. Na lililomtesa kuliko yote ni kwamba alikuwa amesikia maisha yake yote kuwa kukata tamaa na rehema ya Mola ni katika madhambi makubwa. Akajihukumu mwenyewe kuwa ametoka katika imani. Huku nje wanawake wanaleta watoto wawapake vumbi la mlango wake, huku ndani yeye ameamini kuwa ni mtu wa motoni. Hakuwa na wa kumwambia. Angemwambia nani, na wote wamekwenda kwa kunyata?

Alikaa hivyo miezi minne.

Siku moja, baada ya adhuhuri, mwanamke kijana wa nyumba ya nyuma aitwaye Mishi aliusukuma mlango akaingia. Yeye alikuwa amejifungua majuma saba yaliyopita, na kichanga chake alikuwa amekifunga kifuani kwa kanga. Aliketi mbali kwa adabu, akaomba radhi kwa kuivunja khalwa, akaeleza haja yake. Alisema ana siku kumi na mbili anafunga kama anavyofunga Mwana Somoe, mchana hali kitu, na usiku huonja tende moja tu, lakini haoni nuru yoyote moyoni. Amefikiri sana, akaona kosa lake huenda liko kwenye nia.

"Nifundishe, mama," akasema. "Saumu hii yako unaitilia nia gani?"

Mwana Somoe aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumtazama mtu usoni. Kisha akakitazama kile kichanga. Kilikuwa kikivuta ziwa, kikiliacha, kikivuta tena, na hakikuwa na nguvu ya kulia. Mikono iliyowaosha wengi hutambua ngozi. Ngozi ya mtoto yule ilikuwa imelegea kwenye mapaja kama ngozi ya mzee.

Hapo ndipo mtihani ulipomfika. Akinyamaza, atakufa walii, na mtoto huyu atatangulia. Akisema, mji mzima utajua kwamba waliyemtukuza ni mwanamke aliyekata tamaa na Mola wake. Na kusema ndiko alikokuwa hakuwezi.

"Mwanangu, mimi sifungi."

Mishi akatabasamu, akainamisha kichwa. Alikuwa amefundishwa kwamba waja wema huficha ibada zao, na kukana kule akakuhesabu kuwa ni dalili nyingine ya daraja yake. Akasema ameelewa, na kwamba siri ataitunza.

Mwana Somoe akatambaa mpaka alipo, maana miguu haikumchukua, akamshika kidevu.

"Hujaelewa. Sina nia. Saumu isiyo na nia ni njaa tu, na mimi nina njaa na chakula hakinipiti. Sijasoma dhikri tangu alipokufa mwanangu. Kila siku namwomba Mungu anifishe. Mimi ni mgonjwa, Mishi, si walii. Mnyonyeshe mtoto wako. Kula."

Mishi akakiinamia kichanga chake. Kisha uso ukamvunjika, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye. Tangu alipojifungua, akasema, humtazama mtoto wake asione kuwa ni wake. Hutamani kumweka chini, aende zake asirudi. Alidhani ni shetani, na alidhani saumu itamfukuza. Hakumwambia mumewe wala mama yake, kwa kuwa kila ajaye humpongeza.

Wakalia wote wawili, sauti zikatoka nje hadi njiani, na kwa mara ya kwanza watu wakabisha hodi.

Habari ilipoenea, wapo waliokasirika. Walisema wamedanganywa, wakawafuta watoto wao vumbi la mlango ule. Haya ndiyo malipo ya wanaosema kweli, msidhani kuwa yaliwahi kuwa mengine. Lakini Sheikh Muhadhari alikuja na mkewe, akaketi uani, na Mwana Somoe akamuuliza swali moja lililomla miezi minne.

"Nimekufuru, Sheikh?"

"Hiyo dua ya kutaka kufa, ulikuwa ukimwomba nani?"

"Mwenyezi Mungu."

"Basi ulikuwa naye. Ama sisi hatukuwa nawe," akasema, "na mimi ndiye niliyewaambia watu wakuache." Akajifunika uso kwa kilemba chake, na hakuona haya kulia mbele ya wanawake.

Baada ya hapo alifanya yaliyo katika uwezo wa mtu. Alipeleka ujumbe kisiwa cha pili kumwita tabibu wa kike, Bi Hababa, aliyejulikana kwa kutibu waliolemewa na huzuni. Yeye hakuwaletea ajabu. Aliwapa dawa ya usingizi, akaamuru wasiachwe peke yao, na kila mlo uliwe na mtu mbele yao. Mtoto wa Mishi akapewa mwanamke mwingine wa kumnyonyesha mpaka maziwa ya mama yake yarudi. Mke wa Sheikh na wanawake wengine wawili wakajifunza kuosha maiti. Na Sheikh akapanda mimbari akasema alikosea.

Mtoto yule aliishi. Mishi alichelewa, lakini ilifika siku akamtambua mwanawe. Ama Mwana Somoe, sitawapamba kwa uongo. Hakupona kama wanavyopona watu katika visa tunavyopenda kusimulia. Zilikuwapo siku alizouelekea tena ukuta, na siku hizo mtu alikaa naye akauelekea pamoja naye. Aliishi miaka tisa zaidi. Katika miaka hiyo wengine walimsikia akicheka, na wengine wanasema alikuwa na huzuni mpaka mwisho, na yote mawili yaweza kuwa kweli. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ndugu yangu unayesoma, sisi ni umma unaopenda subira, na ni haki tuipende. Lakini tumezoea kumwona mtu akizama na kumsifu kwa utulivu wake. Ikiwa wewe ndiye uliyeuelekea ukuta, mwambie mmoja. Mwambie kwa maneno makavu, na asipokuelewa, mwambie tena. Kumwita tabibu si kumkimbia Mungu.

Na ikiwa wewe ndiye upitaye njiani, nisikilize. Mtaani kwetu alikuwapo mtu, jina lake nalisitiri, aliyekuwa wa mwisho kutoka msikitini kila siku, kichwa chini, hasemi na mtu. Nilimtolea mfano darasani kwangu. Niliwaambia wanafunzi wamtazame, wajue unyenyekevu ulivyo. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwangu, na sikubisha hodi hata mara moja. Siku ya Jumanne tuliitwa kumwosha.