Binti Suud Juu ya Dari

Maskati ni mji wa mawe na jua. Mvua huko huja baada ya miaka, ikanyunyiza kidogo na kuondoka kama msafiri asiyeshuka kwenye punda wake. Kwa hiyo watu hujenga dari bapa za magogo ya mtende na udongo, kisha huzizungushia ukuta mfupi ili walale juu wakati wa joto bila kuonekana. Mvua hawaiwazii.

Mwaka 1966, Masouda binti Suud alikuwa ametimiza miaka miwili katika mji huo. Yeye na mumewe, Marhoon, walitoka Unguja baada ya mapinduzi wakiwa na sanduku moja na roho zao. Marhoon, mwalimu wa zamani, sasa alibeba mizigo forodhani Matrah. Walipanga chumba kwa mjane mmoja, Bibi Shaikha. Kiarabu cha Masouda kilikuwa cha kuokoteza, na kila alipokosea neno, wanawake kisimani walichekea ndani ya mitandio yao. Walimwita "yule Mzinjibari". Masouda aliyameza hayo kama mgonjwa amezavyo shubiri.

Lakini lilikuwapo jambo moja alilolijua kuliko mtaa mzima. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa dari mtaa wa Malindi, Unguja, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Masouda ndiye aliyemshikia kamba na kumpondea chokaa.

"Mama, milizamu ya dari imeziba kwa vumbi na viota vya njiwa," alimwambia Bibi Shaikha siku moja. "Niruhusu niizibue, maji yapate pa kutokea."

"Nyumba hii aliijenga baba yangu kabla hujazaliwa," Bibi Shaikha alijibu. "Mgeni hamfundishi mwenyeji nyumba yake."

Masouda akarudi kwenye kazi zake.

Asubuhi moja bahari ikageuka rangi ya risasi. Upepo ukavuma kama uliofunguliwa pingu, na mvua ikamwagika kana kwamba mbingu imetoboka. Kufika adhuhuri, mafuriko ya bondeni yalikuwa yamekata njia ya Matrah, na wanaume waliokwenda kazini wakabaki ng'ambo. Kichochoro mbele ya nyumba kikawa mto wa maji ya kiunoni. Ndani walikuwamo Masouda, Bibi Shaikha, na Muhsina, mkaza mwana wa bibi huyo, aliyekuwa na siku tisa tangu ajifungue.

Ghafla gogo likalia juu ya kitanda cha Muhsina, sauti nzito kama ya mtu anayeguna usingizini. Udongo ukamdondokea mtoto. Masouda akainua macho akaona dari imebonyea.

"Simama mlangoni na mwanao," alimwambia Muhsina. Akachukua mtaimbo, akapanda juu.

Maji yalimfika magotini. Alichokoa mlizamu mmoja, wa pili, wa tatu. Yote ilikuwa imeganda kama jiwe. Hapo akauelekeza mtaimbo kwenye ukuta wenyewe. Kabla hajapiga, Bibi Shaikha, aliyemfuata akiwa amelowa chapachapa, akamkamata mkono.

"Ukuta wa baba yangu huo."

"Ukuta utajengwa tena, mama. Dari ikishuka, nani atamjenga tena mjukuu wako?"

Bibi Shaikha alimtazama. Kisha akamwachia mkono.

Masouda akapiga hadi viganja vikachubuka. Ukuta ukaachia, maji yakaporomoka kichochoroni kwa kishindo, na magogo yakaacha kulia.

"Ewe Mzinjibari," aliita mzee Majid, jirani asiyeweza kupanda ngazi. "Na kwangu linalia."

Nyumba zilishikana kama meno. Masouda akavuka dari kwa dari, na kufika alasiri alikuwa ameziokoa saba. Ya nane, ghala la tende lisilokuwa na mtu, liliporomoka kabla hajalifikia. Mtaa mzima ulisikia mshindo wake, na hakuna aliyeuliza tena kwa nini anabomoa kuta za watu.

Kesho yake wanaume walirudi. Thani, mwana wa Bibi Shaikha, aliuona ukuta akakunja uso. "Nani kauvunja?"

"Mimi, kwa mkono wa huyu," alisema mama yake. "Nenda kamtazame mwanao, kisha urudi uniulize tena."

Thani akaingia ndani. Aliporudi alimwuliza Masouda, kwa adabu, matundu mapya yawekwe wapi.

"Baba yangu, Suud, fundi wa Malindi, aliweka mlizamu usawa wa dari, hauzidi hata kidole," alijibu, na safari hii hakutafuta maneno.

Marhoon alikuwa amesimama mlangoni. "Leo nnakuona umerefuka, mke wangu."

"Sikurefuka. Nilikuwa nimeinama tu."

Tangu hapo hakuna aliyejenga dari mtaani humo kabla ya kumwita binti Suud. Wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.