Nakala Mia Mbili Tupu

Mtu mmoja, jina lake Ambakisye, alikuwa na dhamana ya hospitali ndogo milimani. Habari za wagonjwa wote zilikaa ndani ya kompyuta moja. Fundi wake, Lwitiko, aliiandikia kompyuta hiyo maagizo: kila adhuhuri inakili habari zote yenyewe na kuzipeleka kwenye mashine ya pili, jengo la jirani. Ili ipokelewe huko, ilipaswa kutaja neno la siri.

Mwezi wa tatu Ambakisye aliogopa wezi, akaamuru maneno yote ya siri yabadilishwe. Amri ilikuwa njema. Watu waliambiwa. Maagizo yaliyoandikwa ndani ya mashine hayakuguswa na mtu.

Kesho yake adhuhuri mashine ilitaja neno la zamani, ikakataliwa. Haikuficha. Iliwatumia wote wawili ujumbe: neno la siri si sahihi. Ikatuma tena siku ya pili, na ya tatu. Ambakisye akasema simu yake haitulii. Basi Lwitiko akazima ujumbe, si kosa, akaahidi kuliangalia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi saba. Kila kikao alisema nakala zipo, na kweli faili lenye tarehe yake lilikuwepo kila siku, kwa kuwa mashine ya pili ililiandaa kabla ya kuuliza neno la siri. Ndani hamkuwa na kitu. Hakuna aliyefungua hata moja.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikaja na radi. Kompyuta ikaungua.

Siku ya pili yake majirani walimleta mama mmoja, Tumpe, ana homa kali, hawezi kusema. Mwezi wa sita alikuwa amewaeleza kwamba sindano fulani nusura imuue, nao wakaandika. Muuguzi mgeni akatafuta habari zake asizipate. Akamchoma sindano ileile. Tumpe hakufika jioni.

Ndipo Lwitiko akaketi kutafuta kosa. Alijaribu kwa mkono wake, akaandika neno jipya, mashine ya pili ikafunguka mara moja. Akayafungua maagizo, yaliyobaki pia kwenye kompyuta yake mwenyewe, akakuta neno la zamani. Akalifuta, akaandika jipya. Kazi ya dakika mbili.

Ambakisye alikwenda msibani, akamwambia mama wa marehemu kwamba mashine imewaangusha. Yule mama hakulia mbele yake. Alisema:

"Nilikuwepo mwanangu alipowaeleza. Mkaandika, nikaona. Maneno yake mmeyapeleka wapi?"

Na Ambakisye asisingizie mashine mbele yangu mimi msimulizi! Mashine ilisema kweli tangu siku ya kwanza. Walioajiriwa kusikia ndio waliochagua utulivu, wakauita amani, wakaupigia mhuri wa tarehe.

Nanyi mliokabidhiwa maisha ya watu, ni onyo gani mmelizima wiki hii kwa sababu tu lilikuwa linawakera?