Mwenye Viti Vingi Husimama

Mwenye viti vingi husimama.

Ndivyo nilivyomwambia mjukuu wangu Nakunda asubuhi ile, tulipokuwa jikoni kwangu tukimenya ndizi. Alikuwa amekuja likizo, naye alinitajia masomo aliyokusudia kuyachukua chuoni muhula ujao, moja baada ya jingine, mpaka nikapoteza hesabu. Alitaka kumaliza mapema apate kazi kabla ya wenzake.

Binamu yake Senzota akacheka. "Bibi, viti vinaingiaje hapa? Na mwenye viti vingi si ndiye anayechagua pa kukaa?"

Nikawaambia waendelee kumenya, nitawasimulia. Methali hii hatukuipokea kwa wahenga. Ilianza hivi, nami nilikuwapo.

Nilikuwa msichana bado, nikisoma katika chuo kimoja cha ualimu huku huku milimani Upare. Majengo yalikuwa juu kabisa, mahali ambapo ukungu hupanda alfajiri ukakaa mpaka karibu na adhuhuri. Mwanzoni mwa muhula kila mwanafunzi alichagua masomo yake, na katika kila darasa alilochagua alipewa kiti. Kiti hicho kilikuwa chako mpaka muhula uishe. Hakuna aliyekalia cha mwenzake.

Katika darasa la Historia, aliyekaa mbele yangu alikuwa kijana aitwaye Elisante. Habari zake tulizijua kabla hatujamjua mwenyewe. Yeye na mdogo wake Mbonea walichaguliwa kuja chuoni mwaka mmoja, na mama yao Nakijwa, mjane, akachinja mbuzi kwa furaha. Elisante alikuwa mtu wa Historia na Kiswahili. Mbonea alikuwa wa Hisabati na Fizikia. Kabla chuo hakijafunguliwa, Mbonea akashikwa na kichomi, akafa.

Msibani mama yao hakutoa chozi hata moja. Watu walipotawanyika alimwita Elisante akamwambia, "Shamba la ndugu haliachwi pori ilhali ndugu yupo. Utasoma yako, na ya Mbonea utamsomea."

Elisante akaja chuoni na ahadi hiyo kifuani. Mwalimu wa taaluma, Mwalimu Mfinanga, alishangaa.

"Masomo manane? Wenzako wanachukua manne na wanalia. Tena vipindi vinagongana. Historia na Fizikia ziko wakati mmoja."

"Nitakaa nusu huku, nusu kule, Mwalimu."

"Mtu hagawanyiki, kijana."

"Nimemwahidi mama."

Mwalimu Mfinanga alikuwa na huruma, na msiba ule aliujua. Akamruhusu.

Majuma ya mwanzo tulimwona Elisante akikimbia. Aliingia Historia kipindi kikiwa kimefika katikati, akihema, na kabla hajapoa kengele ililia akatoka mbio tena. Alikonda, macho yakaingia ndani. Ukimsalimu asubuhi alikuitikia jioni.

Halafu ghafla akaacha kukimbia. Nilimkuta ameketi mbele yangu kipindi kinapoanza, na alikuwapo mpaka kinakwisha. Nikafurahi, nikidhani ameiacha Fizikia. Mchana wake nikamwambia rafiki yangu Nakiete, aliyekuwa darasa la Fizikia.

Nakiete akaweka kijiko chini. "Ameiacha lini? Leo kakaa kando yangu kipindi kizima."

Tulicheka, kwa kuwa hatukujua tufanye nini kingine.

Tangu hapo nikawa namtazama. Ilikuwa Juni, na baridi ya huko mnaijua: darasani kila mdomo ulitoa moshi. Wa Elisante haukutoa. Aliinama akiandika, wala hakuinua kichwa. Mwalimu alipomwita jina aliitika, "Nipo," lakini sauti ilitoka mlangoni, si kitini. Wote tuligeuka. Mlangoni palikuwa na ukungu tu.

Mwalimu akaendelea na somo, na tangu siku hiyo jina lile hakuliita tena.

Asubuhi moja nilichelewa. Madarasa ya Historia na Fizikia yalitazamana, katikati yake ujia mrefu usio na ukuta upande wa bondeni, na ukungu ulikuwa umeujaza. Nusura nimkumbe mtu aliyesimama humo. Alikuwa Elisante.

"Mbona huingii?" nikamwuliza.

"Nimeshaingia."

"Umeingia wapi, nawe uko hapa?"

"Kote." Alisema polepole, kama mtu aliyesahau kuzungumza. "Chungulia, Namvua."

Nikachungulia dirisha la Historia. Nikaona mgongo wake, na lile sweta lake la kijani lililotoboka kiwikoni. Nikavuka ujia nikachungulia Fizikia. Sweta lilelile, tundu lilelile. Nikamgeukia huyu aliyesimama. Ukungu ulikuwa ukipita begani mwake. Haukulizunguka bega, ulipita.

"Nikienda kukaa nakuta kiti kina mtu," akasema. "Masomo yote manane ni hivyo. Nina viti kila mahali na sina pa kukaa. Nimechoka kusimama."

"Twende kwa Mwalimu Mfinanga."

"Namvua, mama yangu anaitwa nani? Nimeamka leo jina limenitoka."

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi na mwepesi kama jani la mgomba lenye umande. Nikamvuta hivyo hivyo mpaka ofisini. Mwalimu Mfinanga alitoka, akachungulia dirisha moja, akachungulia la pili. Alimtuma mtu akamlete mama.

Nakijwa alifika kesho yake, masomo yakiwa yanaendelea. Alipomwona mwanawe amesimama ujiani, hakumkumbatia. Alimtazama tu, kisha akaingia darasa la Fizikia bila kubisha hodi, akapita katikati ya wanafunzi mpaka kwenye kile kiti.

"Mbonea," akaita.

Hakumwita Elisante. Mkono uliokuwa ukiandika ukasimama.

"Mbonea mwanangu, mama nimekosa. Sikutaka kukuzika, nikamtwika ndugu yako. Inuka, baba. Nenda ukapumzike."

Yule aliyeketi akainua kichwa. Mimi nilikuwa dirishani, sikuona uso. Nakiete aliyekuwa karibu aliniambia mpaka uzeeni kwamba haukuwa uso wa Elisante, ulikuwa wa kijana mdogo kuliko yeye, na ulikuwa umechoka sana. Kisha kiti kikawa kitupu, kimelowa maji kama kimekaliwa na mtu aliyetoka kunyeshewa. Nakijwa akaanguka sakafuni akalia. Alilia kilio cha msiba, kile ambacho hakukilia siku ya maziko, na wanafunzi wakatoka mmoja mmoja wakamwachia darasa.

Mwalimu Mfinanga akamshika Elisante begani, akamwelekeza upande wa Historia. "Kile ni chako. Nenda ukakae."

"Kina mtu, Mwalimu."

"Ni wewe. Nenda ukakae."

Nilimfuata nyuma. Elisante alikwenda mpaka nyuma ya mgongo wake mwenyewe, akasimama hapo. Akafumba macho, akaketi. Nilisikia pumzi mbili, moja juu ya nyingine, kisha moja. Moshi ukatoka mdomoni mwake. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa jina la mama yake.

Alibaki na masomo yake manne. Hata hivyo mtihani ulipokuja aliangushwa na Historia yenyewe, somo alilolipenda kuliko yote, kwa maana siku zote zile alizodhaniwa yuko darasani hakuwapo. Ikambidi alirudie. Baadaye akawa mwalimu, akafundisha mpaka akastaafu, na kila mwanafunzi aliyemjia na mzigo uliozidi nguvu zake alimpa maneno haya ya viti vingi. Kwake ndiko tulikoyatoa sote huku milimani.

Nilipofika hapo Senzota alikuwa ameacha kumenya. Nakunda akakunja uso.

"Lakini Bibi, yule alibeba na ya marehemu. Yangu yote ni yangu mwenyewe."

"Manne ya Elisante nayo yalikuwa yake mwenyewe, mjukuu wangu," nikamjibu. "Na bado alikuta viti vyake vina mtu."

Tulifunika sufuria, tukakoka moto. Nakunda akaniuliza, kwa sauti ndogo, ni somo gani naona linaweza kungoja mwaka mwingine. Nikamwambia hilo atalijua yeye, mimi sijui yanayofundishwa siku hizi. Ninalolijua ni moja: mwenye viti vingi husimama.